Dakika sita za kutembea: kidole cha mtu aliyekaa hakisemi yote

Msomaji, hebu tuanze na jaribio dogo la kichwani. Uko Rubafu, kaskazini mwa mji wa Bukoba, ufukweni mwa Ziwa Victoria. Ni asubuhi, mitumbwi imeshaingia mwaloni, dagaa wameanikwa, na wewe umenunua samaki wako wawili unapandisha nao kilimani kurudi nyumbani kwenye migomba. Kama u mzima utafika juu unahema kidogo, utapangusa jasho, basi. Sasa mfikirie mtu ambaye njia hiyohiyo anaikata vipande vipande. Anasimama, anashika mti wa kahawa, anasubiri kifua kitulie, anakwenda hatua ishirini, anasimama tena.

Mtu huyo ni bibi yangu. Zamani aliugua kifua kikuu, akameza dawa akamaliza, akaandikiwa kwamba amepona. Na kweli amepona, makohozi yamepimwa tena na tena, hakuna vimelea. Ila pumzi haikurudi yote. Mwaka juzi tulimpeleka hospitali moja (siitaji, maana kisa hiki kingeweza kutokea popote). Akakalishwa kwenye benchi, akavalishwa kile kidude cha kidoleni, kikasoma 94. "Oksijeni yako nzuri, bibi," akaambiwa. Tukarudi nyumbani.

Njiani nikawa najiuliza swali moja tu. Kinachomshinda bibi ni kilima. Mbona amepimwa kwenye benchi?

Nilipoanza kusoma nikakuta swali langu lina historia ndefu. Imewapitia wachimba makaa ya mawe wa Wales, wanajeshi wa Marekani, wagonjwa wa mkamba wa Uingereza, mhandisi mmoja wa Japani, na mwisho imevuka ziwa letu hilihili hadi hospitali ya Mulago, Kampala. Twende nayo polepole.

Haisi na kituo cha mapafu

Kwanza tuelewane kwa nini kukaa na kutembea ni vitu viwili tofauti.

Kagera ni mahali pazuri pa kuzungumzia hewa na moto. Mwaka 1978 Peter Schmidt na Donald Avery waliandika katika jarida la Science kuhusu tanuri za kale za kuyeyushia chuma huku kwetu, wakieleza jinsi wahunzi walivyopeleka hewa ndani ya tanuri kwa mivukuto na mirija ya udongo. Wahunzi hao walijua kwamba ukitaka moto mkali zaidi lazima upulize zaidi. Mwili nao ni hivyo. Misuli ikifanya kazi inachoma chakula kwa oksijeni, na ukipanda kilima inataka oksijeni mara kadhaa zaidi ya ile ya mtu aliyekaa.

Anayebeba oksijeni hiyo ni himoglobini, ile protini inayoipa damu rangi nyekundu. Ichukulie kama haisi. Abiria ni oksijeni, na kituo cha kupakia ni vile vifuko vidogo vya hewa ndani ya mapafu. Ukiwa umekaa, kila haisi inasimama kituoni kama robo tatu ya sekunde. Unaweza kuona ni muda mdogo, lakini kwa mapafu mazima unatosha na kubaki, kwa sababu robo ya sekunde tu inatosha kujaza viti vyote. Ukianza kutembea kwa nguvu moyo unakimbiza damu, na haisi zinasimama muda mfupi zaidi. Mapafu mazima hayajali. Lakini kama kituo kina makovu ya kifua kikuu, au kuta zake zimekuwa nene kwa vumbi, au vituo vingine vimekufa kabisa kwa moshi wa miaka mingi, abiria wanapanda polepole kupitia mlango mwembamba. Gari likiondoka haraka, linaondoka na viti vitupu.

Ndiyo maana mtu anaweza kuwa na 94 akiwa kwenye benchi na 83 akiwa kilimani. Mapafu ni yaleyale, damu ni ileile. Kilichobadilika ni mwendo.

Na kuna jambo la kijiografia ambalo watu wa Dar es Salaam hawalijui kwa miili yao. Uso wa Ziwa Victoria uko takriban mita 1,135 juu ya bahari. Kwa urefu huo kanieneo ya hewa ni pungufu kwa karibu sehemu moja ya nane ukilinganisha na pwani, na oksijeni inapungua kwa kiasi hichohicho. Mwenye mapafu mazima hasikii kitu. Mwenye mapafu yenye makovu anaanza safari akiwa ameshapungukiwa.

Kutoka uwanja wa jeshi hadi korido ya hospitali

Wazo la kumpima mtu kwa umbali anaokwenda katika muda maalumu halikutoka hospitalini. Lilitoka kwa watu waliotaka kujua nani yuko fiti. Mwaka 1963 Bruno Balke, daktari mzaliwa wa Ujerumani aliyekuwa akifanya kazi Marekani, alipendekeza mtu akimbie dakika 15, kisha umbali wake utumike kukadiria uwezo wa mwili kutumia oksijeni. Miaka mitano baadaye, 1968, daktari wa jeshi la anga la Marekani, Kenneth Cooper, alifupisha zoezi likawa dakika 12. Uzuri wake ulikuwa urahisi. Hauhitaji maabara wala mashine za gharama. Unahitaji uwanja, saa na mtu wa kuhesabu mizunguko.

Sasa mgonjwa wa mapafu huwezi kumwambia akimbie. Mwaka 1976 McGavin na wenzake, wakifanya kazi Uingereza na wagonjwa wa mkamba sugu, walichukua dakika 12 za Cooper wakabadili neno moja tu: badala ya kukimbia, tembea. Tembea kwenye korido, kwa mwendo wako, ukichoka simama, ukipata nafuu endelea. Mwishoni tunapima umbali. Makala yao ilitoka katika jarida la madaktari la Uingereza, BMJ.

Hebu ona walichokifanya hapo. Kabla yao, madaktari wa mapafu walipima zaidi pumzi yenyewe, yaani mgonjwa anapuliza kwenye mashine na mashine inasema ametoa hewa kiasi gani. Ni kipimo cha maana mpaka leo. Lakini hakuna mtu anayeamka asubuhi akatamani kupuliza mashine. Watu wanatamani kufika kisimani, sokoni, kanisani, msikitini. McGavin na wenzake waliipa sayansi kipimo kinachofanana na maisha.

Tatizo likabaki moja, dakika 12 ni nyingi kwa mtu anayehema. Mwaka 1982 Butland na wenzake walilinganisha dakika 2, 6 na 12. Walikuta vipimo vyote vitatu vinakwenda pamoja: aliyekwenda mbali kwa dakika 12 ndiye aliyekwenda mbali kwa dakika 6. Mbili zilikuwa fupi mno kuwatenganisha watu vizuri, kumi na mbili zilichosha. Sita zikawa maelewano. Kwa hiyo ukiona leo duniani kote wagonjwa wanatembezwa dakika sita, usidhani namba hiyo ina siri ya kibaolojia. Ni namba ya huruma, iliyochaguliwa kwa sababu inatosha na haimuumizi mtu.

Neno zuri lina thamani ya mita 30

Kipimo rahisi kina mitego yake. Mwaka 1984 Gordon Guyatt na wenzake wa chuo kikuu cha McMaster, Kanada, waliuliza swali ambalo mama yeyote angelijibu: je, mtu akitiwa moyo anatembea zaidi? Wakawagawa wagonjwa, wengine wakatiwa moyo njiani, wengine wakatembea kimya. Tofauti ikawa kama mita 30. Dawa haikubadilika wala mapafu hayakubadilika, ni maneno tu.

Ukiwa mtafiti hii ni balaa. Nesi mchangamfu na nesi mkimya watakupa majibu tofauti kwa mgonjwa yuleyule. Kwa hiyo kanuni zilizotolewa mwaka 2002 na jumuiya ya madaktari wa kifua ya Marekani, na zile za mwaka 2014 zilizotolewa kwa pamoja na wenzao wa Ulaya, zinaagiza mpaka maneno ya kusema. Kila dakika unasema sentensi fupi zilezile kwa sauti ileile: unaendelea vizuri, zimebaki dakika kadhaa. Korido iwe tambarare na iwe na mita 30. Mgonjwa anaruhusiwa kusimama na kupumzika, ila saa haisimami. Kanuni za 2014 zinataka kipimo kifanyike mara mbili, kwa sababu mara ya pili watu wengi huenda mbali zaidi kwa kuwa wameshaelewa mchezo, kisha umbali mkubwa ndio unaoandikwa. Na zinasema badiliko lenye maana kwa mgonjwa ni takriban mita 30. Yaani neno zuri linaweza kufanana na badiliko hilo zima! Ndiyo maana lazima lipimwe kama dawa.

Mimi nikisoma hayo nilimfikiria bibi. Ukimwambia "unaendelea vizuri" kwa Kiswahili cha hospitali, atakuitikia kwa adabu na atabaki na mwendo wake. Ukimwambia kwa Kihaya, ukaanza na "Ma" kama anavyostahili mtu wa umri wake, huenda ukapata hatua nyingine kumi. Kama maneno yana thamani ya mita, basi lugha nayo inaingia kwenye hesabu.

Mtego mwingine ni kulinganisha. Umbali wa mgonjwa ni mdogo ukilinganisha na nani? Hesabu iliyotumiwa sana kutabiri umbali wa mtu mzima ilitolewa mwaka 1998 na Enright na Sherrill, kwa kuwapima wanaume 117 na wanawake 173 wenye afya huko Tucson, Arizona. Ni kazi nzuri. Lakini bibi mfupi wa Rubafu aliyelima migomba maisha yake yote siyo mkazi wa Tucson, na akipewa asilimia kwa kipimo cha Tucson inabidi tuisome kwa tahadhari. Salama zaidi ni kumlinganisha na yeye mwenyewe: mwaka jana alikwenda wapi, leo amefika wapi.

Oksijeni kama dawa

Upande mwingine wa historia hii ni mtungi. Mwaka 1956 John Cotes na John Gilson, waliokuwa kwenye kituo cha utafiti wa magonjwa ya vumbi la makaa ya mawe kule Wales, waliandika kuhusu kifaa cha oksijeni cha kubebeka, na wakaonyesha kwamba oksijeni inaweza kumfanya mgonjwa wa mapafu aendelee na zoezi zaidi. Miaka ya 1960 Thomas Petty na wenzake wa Denver, Marekani, wakaanza kuwapa wagonjwa oksijeni ya kutembea nayo nyumbani. Denver iko takriban mita 1,600 juu ya bahari, kwa hiyo kama sisi wa Kagera, na zaidi, wagonjwa wao walikuwa na hewa hafifu tangu mwanzo.

Lakini je, oksijeni inarefusha maisha au inatuliza tu? Majibu yalikuja kwa kufuatana. Mwaka 1980 utafiti wa Marekani wa wagonjwa 203 ulilinganisha oksijeni ya karibu saa zote na ile ya usiku tu. Waliopata ya usiku tu walikufa kwa kiwango kinachokaribia mara mbili. Mwaka 1981 utafiti wa Uingereza ulilinganisha oksijeni ya saa 15 kwa siku na kutopewa kabisa. Katika miaka mitano walikufa 19 kati ya 42 waliopewa, na 30 kati ya 45 ambao hawakupewa.

Soma tena namba hizo, maana ndizo zilizojenga kanuni inayotumika mpaka leo. Ila angalia pia walikuwa wagonjwa gani. Walikuwa na COPD, ule ugonjwa sugu unaobana njia za hewa, na walichaguliwa kwa sababu oksijeni yao ilikuwa chini hata wakiwa wamepumzika. Kwa kidude cha kidoleni, mpaka unaotumika huwa ni kama asilimia 88. Bibi yangu na 94 yake ya benchi hakuwemo humo.

Hapo ndipo kutembea kulipokutana na oksijeni. Mgonjwa anatembezwa kwanza kwa hewa ya kawaida huku oksijeni ya damu ikisomwa. Ikishuka, baada ya mapumziko anatembezwa tena akiwa na mirija ya puani, oksijeni ikiongezwa kidogo kidogo mpaka kijulikane kiasi kinachoizuia isishuke. Kwa hiyo kipimo kinajibu maswali matatu kwa mpigo: anakwenda wapi, anashuka kiasi gani, na oksijeni inamsaidia au haimsaidii.

Kidude cha kidoleni

Ili kusoma damu ya mtu anayetembea unahitaji kifaa kisichotoboa. Kilitoka Japani. Takuo Aoyagi, mhandisi wa kampuni ya Nihon Kohden, alikuwa akitafuta njia ya kupima kazi ya moyo kwa kumulika sikio kwa mwanga, na mapigo ya mshipa yakawa yanamvuruga. Badala ya kuyalaani akagundua kwamba vurugu hiyo ndiyo jibu. Damu inayodunda peke yake ndiyo inayobadilika, nyama na mfupa vimetulia. Ukilinganisha mwanga mwekundu na ule usioonekana wa infraredi katika sehemu inayodunda tu, unapata oksijeni ya damu ya mishipa. Hiyo ni 1974. Aoyagi alifariki Aprili 2020, wakati dunia nzima ilikuwa inatafuta kidude chake kwa sababu ya UVIKO-19.

Cha kushangaza, kanuni za kutembea za 2002 ziliacha kusoma oksijeni kuwe hiari. Kufikia 2014 ilishakuwa sehemu ya kipimo chenyewe: isomwe muda wote wa kutembea, na namba ya chini kabisa iandikwe. Ikishuka chini ya 80, mgonjwa asimamishwe.

Na sasa jambo linalotuhusu sana sisi. Desemba 2020 Michael Sjoding na wenzake wa Michigan walichapisha matokeo kwamba kidude hiki kinaweza kudanganya zaidi kwenye ngozi nyeusi. Waliwaangalia wagonjwa ambao kidude kiliwasoma kati ya 92 na 96, kisha wakalinganisha na damu yenyewe. Kati ya wagonjwa Weusi, asilimia 11.7 walikuwa kwa kweli chini ya 88. Kati ya Wazungu ni asilimia 3.6. Mwanga unapita kwenye rangi ya ngozi kabla haujafika kwenye damu, na vifaa vingi vilisawazishwa kwa watu wenye ngozi nyepesi.

Unakumbuka bibi alisoma ngapi? 94. Yuko katikati kabisa ya dirisha hilo. Sisemi kidude kitupwe, bila hicho wengi wangekufa. Nasema namba moja, kwenye kidole kimoja, kwa mtu aliyekaa, isiwe mwisho wa mazungumzo. Mtu akitembea, hata kama kidude kina kosa la pointi mbili tatu, utaona mteremko. Na mteremko unasema mengi.

Upande wa pili wa ziwa

Unaweza kusema haya ni mambo ya Ulaya na Marekani. Hapana. Mwaka 2015 watafiti wakiwemo Frederik van Gemert na Bruce Kirenga walitoa matokeo kutoka vijiji vya Masindi, Uganda. Waliwapima watu wa zaidi ya miaka 30, na asilimia 16.2 walikutwa na COPD, kwenye jamii ambayo karibu kila mtu anavuta moshi wa kuni. Huku kwetu utafiti wa vijijini Morogoro, uliotoka 2018, ulipata kiwango kinachokaribiana na hicho. Mtu anayepikia kuni ndani ya nyumba, au anayebanika samaki kwa moshi mwaloni kila wiki, yumo kwenye habari hii hata kama hajawahi kushika sigara.

Ongeza kifua kikuu. Tanzania ilianzisha mpango wa taifa wa kifua kikuu na ukoma mwaka 1977, na kwa msaada wa Karel Styblo ukawa mfano uliofuatwa na nchi nyingi. Kisha 1983 wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini wakaripotiwa mkoani Kagera, na kifua kikuu kikapanda pamoja nao. Dawa ziliokoa watu wengi sana. Lakini vitabu vya takwimu vinafungwa kwa neno "amepona", na baada ya neno hilo makovu yanabaki kifuani mwa mtu, yeye na kilima chake.

Kampala ndiko walikofungua ukurasa unaofuata. Mwaka 1992 Sally Singh na wenzake wa Leicester, Uingereza, walikuwa wamebuni kutembea kwa namna nyingine: koni mbili, njia ya mita 10, mgonjwa anakwenda na kurudi akifuata mlio wa redio, na mlio unazidi kuharakishwa kila dakika. Inafaa pale ambapo huna korido ya mita 30. Miaka 25 baadaye, Singh huyohuyo alikuwa miongoni mwa watafiti, pamoja na Rupert Jones, Kirenga, Wincelaus Katagira na wengine, walioandika kuhusu wagonjwa wa Mulago waliopona kifua kikuu lakini wakabaki na mapafu yaliyoharibika. Wagonjwa walipewa wiki sita za mazoezi na mafunzo. Wakapimwa kwa koni zilezile kabla na baada. Umbali wao uliongezeka kwa kiasi cha kuonekana, na hapakuwa na dawa mpya hata moja.

Ukisimama Rubafu ukatazama kaskazini, maji unayoyaona yanaelekea huko.

Veranda yenye viti viwili

Nirudi kwa bibi. Mwaka jana tulimpeleka kwingine, tukakutana na mtaalamu wa fiziotherapia aliyeuliza: "Shida inakupata ukifanya nini, Ma?" Bibi akajibu, nikipanda. Akatoka naye nje. Alipima veranda kwa futi kamba, haikufika mita 30, akaandika hivyo kwenye fomu. Akaweka viti viwili, akahakikisha bibi hana maumivu ya moyo wala presha iliyopanda sana (usilifanye hili nyumbani kwa mgonjwa wako peke yako, tafadhali), akampumzisha, kisha akasema tembea.

Bibi alitembea mita 252, akasimama mara mbili. Namba ya chini ilikuwa 83. Mara ya pili, baada ya kupumzika, mita 268. Kisha na oksijeni, mimi nikiusukuma mtungi nyuma yake ili asiuvute yeye: mita 287, na namba haikushuka chini ya 89.

Nikafurahi. Nikajua sasa atapewa oksijeni. Daktari akanituliza. Akasema, angalia, ameongeza mita 19 tu juu ya safari yake bora, hazijafika zile 30. Halafu akanieleza utafiti wa Marekani wa mwaka 2016, ambao niliusoma baadaye: wagonjwa 738 wa COPD ambao oksijeni yao ilishuka kiasi wakiwa wamepumzika, au wakitembea dakika sita. Nusu walipewa oksijeni. Haikuwarefushia maisha, haikuwapunguzia kulazwa. Ni kweli wale hawakuwa na makovu ya kifua kikuu kama bibi, na kuna utafiti wa Uingereza wa 2018 ambapo wagonjwa wenye mapafu yaliyokakamaa walijisikia vizuri zaidi wakiwa na oksijeni ya kutembea nayo. Kwa hiyo jibu siyo "kamwe". Jibu ni kupima, kujaribu, na kumuuliza mwenye mwili wake. Mashine ya kuzalisha oksijeni inataka umeme usiokatika. Mtungi unataka mtu wa kuupandisha kilimani.

Bibi akaulizwa. Akasema mtungi hautaki, unampunguzia mkono wa kubebea samaki. Alichokitaka ni kufundishwa. Akafundishwa kupuliza hewa taratibu kwa midomo iliyobanwa, kupumzika kabla hajazidiwa badala ya baadaye, na mazoezi ya kuinuka kitini na kutembea kila siku. Sisi tukaagizwa kutoa jiko ndani. Na atapimwa tena, kwenye veranda ileile, kwa viti vilevile, ili tujue kama anashuka akiwa amekaa. Siku hiyo ikifika, namba za 1980 na 1981 zitamhusu, na mazungumzo ya mtungi yatakuwa mengine.

Kuna watu pale kijijini walikuwa wanasema bibi anadeka. Wengine walisema ni uzee tu. Wengine wana maelezo mabaya zaidi, unayajua. Tulipofika nyumbani aliikunjua ile karatasi akamwomba mjukuu mdogo amsomee namba kwa sauti, majirani wakiwepo. 94 akiwa amekaa. 83 akiwa anatembea. Akaikunja, akasema, "Mmesikia? Si uvivu."

Kwa hiyo msomaji, kama una mtu nyumbani ambaye kila kipimo kinasema yuko sawa lakini kilima kinasema hapana, usibishane na kilima. Mnapokwenda hospitali sema wazi shida inampata akifanya nini, na uliza kwa heshima kama anaweza kupimwa akitembea. Kinachohitajika ni veranda, viti viwili, saa, kidude cha kidoleni na mtu mwenye dakika sita.